Nusu ya Cheti

Minza aliposema anataka kuufanya mtihani wa baba yake, Lukresia aliacha kusonga ugali. Mwiko ulibaki umesimama katikati ya sufuria. Moshi wa mabua ya pamba uliwafunika wote watatu mle jikoni: mama, binti, na Bibi Ng'washi, mama mkwe, aliyekuwa kwenye kigoda akichambua kunde.

"Rudia," Lukresia alisema.

"Mama Apolonia ametangaza baada ya misa. Darasa la kituo linafunguliwa tena. Hesabu na Kiingereza, kwa sisi tuliofeli la saba. Ukifaulu unapewa cheti, na wale wa kiwanda kipya cha pamba wamesema watakipokea."

"Na mtihani anatunga nani?"

Minza aliinamisha kichwa. Jibu lilikuwa uani, linaegemeza baiskeli ukutani na kukung'uta vumbi la chaki kwenye mikono ya shati.

"Karatasi ya baba yako imeshanichukulia mtoto mmoja," Lukresia alisema, akaushika tena mwiko. "Huyu wa pili haimpati."

Bibi Ng'washi alinyanyua mkono kumnyamazisha. "Msiseme hayo hapa, ng'wanawane," alisema taratibu, macho yake yakiwa mlangoni. "Amesimama. Anawasikiliza."

Hakuna aliyegeuka kutazama. Ndivyo walivyozoea kuishi katika nyumba ile ya Somanda tangu mvua za mwaka uliopita. Bibi alisema yuko mlangoni, wao wakaendelea na kazi, na hakuna aliyegeuka.

Mayige, huyo wa mlangoni, alikuwa kifungua mimba wao. Alikuwa na miaka kumi na tisa wakati kituo cha vijana cha parokia kilipomwomba baba yake, Mwalimu Januarius Masele, atunge mtihani wa cheti kipya, cheti cha vijana wakubwa ambao shule ilikuwa imewatema. Ilikuwa miaka ile ushirika ulipoanza kupumua kwa shida, wanunuzi binafsi wakaingia Bariadi na mizani zao, malori yao na makarani wao kutoka Mwanza. Kila mzazi alisema mtoto asiye na Kiingereza na hesabu atabaki kubeba magunia ya wenzake. Januarius alitunga karatasi kwa njia pekee aliyoijua. Alichukua mitihani ileile iliyowaangusha vijana wale, akaifupisha. Yote kwa Kiingereza, hata hesabu. Ukianguka somo moja, umeanguka yote.

Mayige alianguka. Haukupita muda akapanda lori la machimbo. Mvua ziliponyesha, shimo lilititia akiwa chini na wenzake. Wachimbaji walijaribu kuwafukua, wakaacha kwa sababu kingo zilikuwa zinaendelea kumeguka. Kilichorudi Somanda ni begi lake la nguo. Kaburi hakuna.

Hayo yalijulikana na kila mtu. Jambo ambalo watu hawakulitaja mbele ya Januarius ni kicheko.


"Umekubali tena," Lukresia alisema. Ugali ulikuwa umeliwa, na yeye alikuwa amemfuata mume wake barazani kabla jua halijazama.

"Nimekubali."

"Baba Mayige."

"Nisipotunga mimi, watanunua karatasi Mwanza. Nimeonyeshwa. Ni ileile yangu, ila imechapwa vizuri."

"Waache wanunue. Basi angalau watakuwa wameua wao."

Januarius alijifuta uso kwa kiganja. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, ambaye kwa mwaka mmoja alikuwa amezeeka shingoni kabla ya usoni. "Unataka nisemeje, Lukresia?"

"Sitaki useme. Ulishacheka, inatosha."

Swali lililoleta kicheko lilikuwa la magunia. Mkulima ana magunia ishirini na manne ya pamba, ameuza tisa. *How many are left?* Yaani, yamebaki mangapi? Mayige alikuwa amefundishwa, tena na baba yake mwenyewe, kwamba *left* ni kushoto. Kwa hiyo alimchora mkulima amesimama, akampangia magunia tisa upande wa kushoto na kumi na matano upande wa kulia, akaandika kwa Kiingereza chake cha kuungaunga kwamba ya kushoto ni tisa. Mwalimu mmoja aliyekuwa akisaidia kusahihisha aliisoma karatasi kwa sauti, akaiinua juu ili wenzake wauone mchoro. Ofisi nzima ikaangua kicheko. Januarius alicheka kuliko wote, kwa sababu walikuwa wanamtazama kuona kama atampendelea mwanawe. Mayige alikuwa amesimama mlangoni, ameshika bakuli la michembe ya viazi alilotumwa kumpelekea baba yake. Aliliweka chini, akaondoka.

"Kumi na matano aliyapata," Januarius alisema. "Aliyahesabu sawasawa. Hesabu aliijua."

"Umeshaniambia hilo mara nyingi. Halinisaidii."

"Mimi linanisaidia kutunga."

Lukresia alimtazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyekosea nyumba. Kisha akaingia ndani.


Januarius alianza kazi kwa kutembea. Vipindi vyake vya shule vikiisha, alipanda baiskeli akaenda kwenye kituo cha kununulia pamba, kwenye duka la pembejeo, kwenye dirisha la dawa la hospitali, akauliza swali lilelile: kijana akija kufanya kazi hapa, ajue nini? Watu walimshangaa. Wengine walidhani anamtafutia ndugu yake kazi.

Muuzaji wa duka la pembejeo alimpa chupa tupu ya dawa ya kuulia wadudu. "Soma mwenyewe, Mwalimu. Yote Kizungu. Kuna mtu wa Migato alichanganya dawa kama hii kwenye ndoo ya kunywea, watoto wakalazwa." Muuguzi wa dirishani alisema angefurahi kumpata mtu anayejua kwamba kidonge kimoja mara tatu siyo vidonge vitatu kwa mara moja. Kwenye mizani, karani alimwonyesha namna uzito wa gunia lenyewe unavyotolewa ili ibaki pamba peke yake, na namna mkulima asiyejua kutoa anavyosimama pale akitikisa kichwa, ameridhika.

Vitu hivyo ndivyo alivyovigeuza kuwa maswali. Hesabu aliziandika kwa Kiswahili. Kiingereza alikiweka peke yake, kifupi: soma maandishi ya chupa, jaza jina na umri wako, elewa tangazo la kazi, mjibu mtu anayekuuliza bei. Alitaka kuona kijana anaweza nini, si kumtega.

Mtu wa kumjaribia maswali alikuwa Minza. Walikaa barazani alasiri, baba na binti, meza ndogo katikati. Hesabu alikwenda vizuri, akikosea hapa na pale, akifuta kwa kidole kilicholowa mate. Kiingereza kilimkaba. Alisoma neno kwa neno kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, na akifika jiwe la katikati alisahau alikotoka.

"*Keep… away… from children*," alisoma. "Keep ni kuweka. Weka… weka watoto?"

"Soma mpaka mwisho, kisha ndipo utafsiri."

"Nikifika mwisho, mwanzo umeshatoroka, baba."

Alicheka. Januarius hakucheka. Kwa mwaka mzima hakuna mwanafunzi aliyewahi kumsikia akicheka, hata mwanafunzi akijibu kitu cha kumvunja mtu mbavu.

Kila alasiri alichonga penseli mbili. Mara ya kwanza Minza alidhani moja ni ya akiba. Lakini baba yake aliiweka upande wa meza ambao haukuwa na mtu, ikielekea kwenye stuli tupu, na alipogundua alichofanya hakuiondoa. Wala Minza hakuigusa. Siku moja upepo uliiviringisha mpaka ukingoni mwa meza, na wote wawili walinyoosha mikono kuidaka kana kwamba ni kitu cha kioo.

Lukresia aliyaona hayo kupitia dirisha.


Kamati ya kituo ilikutana chini ya bati la ukumbi wa parokia, kwenye joto ambalo liliwafanya watu wajipepee kwa karatasi za mtihani wenyewe. Mama Apolonia, mkuu wa kituo, ndiye aliyeongoza. Karibu naye alikaa Kasmiri, meneja wa kiwanda kipya cha kuchambulia pamba, mtu wa maneno machache aliyevaa saa kubwa.

"Mwalimu, karatasi yako ya mwaka jana ilikuwa nzuri," Kasmiri alianza. "Walifaulu wachache, nikawachukua, wanafanya kazi. Sasa hii sijaielewa. Hesabu kwa Kiswahili?"

"Namtahini hesabu, meneja. Kiingereza nitamtahini kwenye Kiingereza."

"Na hii ya kubakiza nusu? Mtu kaanguka Kiingereza, anatembea na hesabu yake mfukoni mpaka lini?"

"Mpaka atakapokipata Kiingereza. Atarudia kilichomshinda tu. Alichokwisha kupata ni chake, hanyang'anywi."

Kasmiri aliiweka karatasi mezani. "Nikuulize bila ubaya. Nikimkabidhi kijana mizani akakosea, nani anaibiwa? Mkulima. Ninyi mtakuwa mmemhurumia mtoto, mkamuumiza baba yake. Cheti ambacho hakuna anayeshindwa kitanisaidia nini?"

Januarius aliitikia kwa kichwa, kwa sababu maneno yale yalikuwa ya kweli. "Watashindwa," alisema. "Swali hata moja sijalilegeza. Kwenye kutoa uzito wa gunia nimekaza kuliko mwaka jana. Ninachoomba ni kwamba akishindwa kimoja, tusimwambie ameshindwa vyote. Na kwenye matokeo tusiandike hakufaulu. Tuandike hajafaulu."

Mtu mmoja alikohoa kuficha kicheko. "Tofauti yake iko wapi, Mwalimu?" Kasmiri aliuliza. "Si ni kukosa tu?"

"Hajafaulu, bado yuko njiani. Hakufaulu, tumeshamfungia mlango."

Walibishana mpaka kivuli cha ukumbi kikahamia upande wa pili. Mwisho Mama Apolonia alisema nusu ya cheti ijaribiwe kwa mwaka mmoja, na neno liandikwe kama Mwalimu anavyotaka. Kasmiri aliinua mabega, akakubali.

"Jambo moja limebaki," Januarius alisema. "Majina yasibandikwe ubaoni. Kila kijana aitwe ofisini, aambiwe peke yake."

"Hapana," Mama Apolonia alijibu. "Wafadhili wanataka kila kitu kiwe wazi. Tukiwaita mmojammoja, watu watasema tunauza vyeti."

"Mama, nakuomba. Kijana wa umri ule akisomwa jina lake mbele ya…"

"Mwalimu Masele." Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole wenyewe ndio uliochoma. "Msiba wako tunaujua wote. Lakini hapa tunaongelea mtihani."

Wajumbe waliangalia meza. Januarius alisema asante, akakusanya karatasi zake, nyingine zikiwa na alama za jasho la vidole vya watu.


Minza aliingia darasani bila ruhusa ya mama yake, na mama yake akaacha kusema naye. Chakula alimwekea. Nguo alimfulia. Maneno ndiyo aliyomnyima.

Nyuma ya Minza aliketi Josia, kijana wa Mwandoya mwenye mwili wa kulimia, aliyekuwa amechunga ng'ombe wa baba yake mpaka akapitwa na shule. Mjini alikaa kwa mjomba. Dawati lilimbana magotini, akalazimika kukaa upandeupande, na Kiingereza kilipomkaba alipuliza pumzi puani kama ng'ombe aliyechoka jembe. Lakini alifika kila siku wa kwanza, akafagia darasa bila kuambiwa. "Nikipata hiki cheti," alimwambia Minza, "baba hatanirudisha machungani mbele ya wadogo zangu."

Siku ya mtihani Bibi Ng'washi alimsimamisha Minza uani, akampulizia maji usoni kwa baraka, akamtamkia jina la kaka yake. Lukresia alikuwa akifagia. Aliposikia lile jina fagio lilisimama, kisha likaendelea kwa nguvu zaidi, likichimba ardhi.

Januarius aliomba karatasi ya binti yake isahihishwe na mwingine. Matokeo yalipomfikia aliyasoma akiwa amesimama. Hesabu, Minza amefaulu, tena vizuri. Kiingereza, hajafaulu. Josia hajafaulu chochote.

Asubuhi ya kubandika, Minza alimmiminia baba yake maji ya kunawa. Alimtazama usoni, akasubiri. Januarius alijua kwamba neno moja tu lingetosha, pale pale, juu ya beseni. Lakini wenzake darasani hawakuwa na baba wa kuwaambia mapema, na yeye hakutaka kumpendelea. Alijifuta mikono, akapanda baiskeli. Ilikuwa ni mara ya pili anaogopa macho ya watu kuliko ya mtoto wake, na alilifahamu hilo akiwa bado hajafika barabarani. Hakurudi.

Alipigilia misumari minne kwenye ubao wa kituo. Vijana walijaa nyuma yake hata kabla hajashuka kwenye kiti. Walisoma kwa vidole, wakasomeana kwa sauti. Mmoja aliyefaulu yote alirukaruka. Mwingine alisema, "Tazama, binti wa Mwalimu kaanguka Kizungu! Baba mtu kamtungia mwenyewe na bado kaanguka!" Kikapita kicheko, si kikubwa, si cha ubaya sana, cha vijana tu.

Januarius aligeuka. Minza alikuwa ameshaondoka.


Lukresia alikuwa akianika michembe juu ya mkeka Bibi Ng'washi alipotoka jikoni ameshika ukuta.

"Hayupo," bibi alisema.

"Nani, mayu?"

"Mayige. Siku zote anasimama mlangoni. Leo nimemwamkia, hayupo. Ametoka na mtu."

Michembe ilimwagika. Lukresia hakuuliza matokeo, hakuuliza Minza amepita wapi. Alijifunga kanga kiunoni na kukimbia pekupeku kuelekea stendi ya malori, akipita katikati ya baiskeli na mikokoteni ya ng'ombe, na watu waliomsalimu hakuwajibu.

Lori la machimbo lilikuwa limewasha injini. Nyuma walikaa vijana, wameegemea magunia ya chumvi na madumu ya maji, miguu yao ikiwa imepishana. Josia alikuwa kwenye kona, kofia imeshuka usoni. Karibu na ubao wa mwisho alikaa Minza, amefunga mfuko wa nguo kwenye mapaja.

Mama na binti walitazamana. Kwa miezi hawakuwa wamezungumza, na sasa Lukresia hakuwa na pumzi ya kuzungumza. Alishika mnyororo wa bodi, akaweka mguu kwenye tairi, akapanda. Kijana mmoja alimshika mkono akamvuta. Alikaa chini kando ya Minza, akavuta kanga kufunika magoti.

"Mama, shuka."

"Kama unakwenda, twende."

"Kule siyo kwako, mama."

"Mwanangu yuko kule. Nimemlilia kanisani, nimemlilia jikoni, shimoni kwake sijafika. Bibi yako anasema akaitwe pale alipofia, ndipo atulie. Basi leo nitakwenda nimwite, na wewe utanisaidia kulitafuta shimo, na kama likifunguka tutaingia wote, ili baba yako asipate shida ya kutafuta watu wawili mahali tofauti."

Vijana waliacha kuongea. Utingo aliyekuwa akikusanya nauli alifika hapo, akanyoosha mkono, akamwona mama yule alivyokaa, akaurudisha.

Januarius alifika akisukuma baiskeli iliyokatika mnyororo. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. Alishika ubao wa lori kwa mikono yote miwili, kana kwamba angeweza kulizuia lisiende.

"Minza. Hesabu umepata."

"Nimeona, baba. Na ile nyingine nimeiona. Wenzangu wameiona pia."

"Imeandikwa hajafaulu."

"Watu hawasomi hivyo. Wanasoma jina, wanacheka."

Alikuwa amewasikia mwenyewe. Injini ilitetemesha ubao chini ya vidole vyake.

"Ungeniambia asubuhi," Minza alisema. "Nilikumiminia maji, baba. Nilikuwa nakusubiri. Ungeniambia tu."

"Ningekuambia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliwaogopa watu," Januarius alisema. Vijana wote wa lori walikuwa wanamsikia, na baadhi yao alikuwa amewafundisha. "Nilikosea. Sikiliza, mwanangu. Hesabu huirudii. Imeandikwa, imepigwa mhuri, hata mimi siwezi kuifuta. Kilichobaki ni kimoja. Kaka yako sikumwachia hata kimoja. Alipopanda lori hakuwa ameshika kitu."

Dereva alipiga honi, mara ya kwanza kwa adabu, mara ya pili bila adabu. Utingo alisema, "Mzee, tunachelewa." Lukresia alikuwa amekaa vilevile, macho yakiwa mbele juu ya paa la lori, uso wake ukiwa wa mtu aliyekwisha kuanza safari.

Ndipo Minza aliponyanyuka. Hakumtazama baba yake. Aliutupa mfuko chini, akamwinamia mama yake. "Simama, mama," alisema. "Tushuke. Shimoni tutakwenda siku nyingine, tukiwa tumejiandaa. Tutakwenda na bibi."

Ilibidi amwambie tena. Kisha akamshika kwapani na kumwinua, na Januarius akampokea chini. Lukresia alipokanyaga ardhi alikaa palepale kwenye vumbi la stendi, na kwa mara ya kwanza tangu begi lile lirudi alilia kwa sauti, akitaja jina.

Januarius alirudi kwenye ubao. "Josia! Na wewe shuka. Darasa linaanza tena."

Josia aliinua kofia. "Mimi sina nusu, Mwalimu," alisema, bila hasira. "Mwenzangu ana pa kuanzia."

"Utaanza na hesabu. Nitakufundisha mwenyewe, bure, nyumbani kwangu."

"Asante, Mwalimu."

Lakini hakunyanyuka. Lori liliondoka. Januarius alikimbia nalo hatua kadhaa, akiita jina, na kijana yule alimpungia mkono kwa heshima kama mtu anayeagana na mwalimu wake siku ya kufunga shule, mpaka vumbi likamfunika.


Kesho yake jua lilipochomoza Minza alifungua mlango wa chumba chake, akakuta mama yake amelala kwenye mkeka, amejinyoosha kizingiti kizima, kichwa ukutani na miguu ukutani.

Lukresia hakuwa amesinzia. Alimwangalia mwanawe kutoka chini.

"Unakwenda wapi?"

"Kituoni. Baba amesema Kiingereza kinaanza mapema, kabla hajaenda shule."

"Mtakuwa wangapi?"

"Leo mimi na yeye. Anasema atampelekea mjomba wake Josia ujumbe."

Jikoni Bibi Ng'washi alikuwa akichochea moto, akimsalimia mtu mlangoni taratibu kwa Kisukuma, akinyamaza kama anayesubiri ajibiwe. Uani Januarius alikuwa akigonga mnyororo wa baiskeli kwa jiwe.

"Nipishe, mama," Minza alisema. "Nachelewa."

Lukresia aliushika ukingo wa sketi ya binti yake kati ya vidole viwili. Kisha akaiachia, akakunja miguu.